Jiwe Zito la Lukwangule

Ulanga huachana ukurasa kwa ukurasa kama kitabu. Ukipenyeza ncha ya kisu pembeni mwa bonge lake, linaachia ukurasa mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, kila mmoja mwembamba na wenye kung'aa, usioungua wala kupitisha umeme. Kwa ajili ya kurasa hizo mashimo yalichimbwa katika milima ya Uluguru enzi za Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati viwanda vya umeme vya Ulaya vilipokuwa na njaa ya kila kitu kinachoweza kuzuia cheche. Ndani ya miamba hiyohiyo mlikuwa na kitu kingine: mawe meusi yaliyovaa ganda la njano, mazito kuliko chuma cha ukubwa uleule. Hayakuwa ulanga, na ulanga ndio uliokuwa na bei.

Baadhi ya mawe hayo yalifika Berlin, mezani kwa mkemia Willy Marckwald. Mwaka 1906 alitangaza kwamba jiwe jeusi lilikuwa fuwele za uraninite, yaani urani iliyoungana na oksijeni, na kwamba ganda la njano lilikuwa madini ambayo sayansi haikuwa imeyaandika popote. Akayaita rutherfordine, kwa heshima ya Ernest Rutherford, mwanafizikia mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifumbua siri za mionzi. Vitabu vya madini hadi leo vinataja mahali madini hayo yalipopatikana kwa mara ya kwanza duniani: Lukwengule, milima ya Uluguru, Morogoro. Mluguru atalitambua jina hilo hata likiwa limepinda herufi moja. Ni Lukwangule, ule uwanda wa juu wenye nyasi na ukungu, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, kunakoanzia vijito vinavyoishia Mto Ruvu.

Mwaka huo wa 1906 vita vya Maji Maji vilikuwa bado vinawaka kusini mwa koloni. Reli kutoka Dar es Salaam, iliyoanza kujengwa mwaka 1905, ilikuwa haijafika Morogoro. Ingefika mwaka uliofuata. Kabla ya hapo mzigo wa kwenda pwani ulikuwa mzigo wa kichwani na mabegani, na njia zake zilikuwa zilezile za misafara zilizopita chini ya mlima tangu siku za mtawala Kisabengo na binti yake Simbamwene. Mlima ulikwishajulikana kwa maji na chakula. Sasa uliingia katika vitabu vya wanafizikia, na jina lililobandikwa kwenye jiwe lake likawa la mtu ambaye hakuwahi kuupanda.

Jinsi jiwe hilo lilivyokuja kuhusiana na goti la mgonjwa wa leo, lililojaa usaha, ni hadithi inayopita Würzburg, Vienna na Copenhagen kabla ya kurudi nyumbani.

Tarehe 8 Novemba 1895, huko Würzburg, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miali inayopenya nyama na kuzuiwa na mfupa. Siku chache kabla ya Krismasi aliuweka mkono wa mkewe, Anna Bertha, juu ya bamba la picha. Katika picha hiyo inaonekana pete, na yanaonekana maungio ya vidole, moja baada ya jingine, kila moja na ufa wake. Viungo hivyohivyo vidogo vya mkono ndivyo vinavyoshikwa mwanzo na ile aina ya baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kujishambulia. Kwa hiyo tangu picha zake za mwanzo, eksirei ilikuwa ikitazama viungo.

Afrika iliingia haraka katika habari hii, kwa njia ya vita. Kabla mwaka 1896 haujafika nusu, madaktari wa jeshi huko Naples waliwapiga eksirei askari wa Kiitalia waliorudi na risasi mikononi kutoka Ethiopia, walikopigwa na majeshi ya Menelik. Mwaka 1898, kando ya Mto Nile nchini Sudani, daktari wa jeshi la Uingereza John Battersby alifua umeme wa mashine yake kwa baiskeli ya watu wawili, askari wakikanyaga pedali katika joto lile. Picha hizo zilipigwa kutafuta risasi. Mkulima mwenye goti linalouma hakuwa katika hesabu ya mtu.

Huko Paris, Henri Becquerel alitaka kujua kama chumvi za urani nazo hutoa miali kama ya Röntgen. Mwezi Machi 1896 akakuta kwamba urani hutoa mionzi yake yenyewe, bila umeme na bila jua. Baada ya hapo maabara za Ulaya zilianza kutaka mawe ya urani, na ndiyo sababu jiwe la Uluguru lilikuja kupata thamani ambayo halikuwa nayo machoni pa wachimba ulanga.

Taasisi ya Radiamu ya Vienna ilifunguliwa mwaka 1910. Katika nyumba hiyo moja, ndani ya miaka mitatu hivi, yalifanyika mambo mawili ambayo bila hayo pasingekuwa na tiba ya nyuklia. La kwanza lilianzia kwenye kushindwa. Rutherford, yuleyule ambaye jina lake liko kwenye jiwe la Lukwangule, alimpa kijana wa Kihungaria, George de Hevesy, kazi ya kutenganisha dutu yenye mionzi iliyoitwa radiamu D na metali ya risasi iliyochanganyika nayo. Hevesy alijaribu kila njia ya kikemia akashindwa. Mbele ya kemia, radiamu D na risasi ni kitu kimoja. Badala ya kukata tamaa, mwaka 1913 huko Vienna, yeye na Fritz Paneth waliigeuza shida ikawa zana: kama haiwezi kutenganishwa na risasi, basi itafuatana na risasi popote iendapo, na mionzi yake itasema iko wapi. Dutu ikawa mpelelezi wa dutu mwenzake.

Jambo la pili lilihitaji jiwe safi. Mwaka huohuo wa 1913, Frederick Soddy alitoa neno isotopu: atomi za elementi moja, zenye tabia moja ya kikemia, lakini zenye uzito tofauti. Wengi hawakuamini. Kama Soddy alisema kweli, risasi inayozaliwa na urani ndani ya mwamba ingekuwa na uzito wa atomi unaokaribia 206, ilhali risasi ya kawaida, ya mabomba na ya bunduki, ni 207.2. Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walilibeba jukumu la kupima. Horovitz, mkemia mzaliwa wa Warsaw, ndiye aliyefanya ile kazi ya kuchosha ya kutakasa na kutakasa tena mpaka risasi isibaki na doa. Mawe ya Joachimsthal, yale yaliyowapa akina Curie radiamu, yalitoa 206.736. Tofauti ilionekana, lakini mawe yale yalikuwa yamechanganyika na risasi ya kawaida, na mwenye shaka bado alikuwa na pa kushikilia. Ilitakiwa fuwele isiyochanganyika na kitu.

Fuwele hiyo ilitoka Morogoro. Kati ya 1914 na 1915, risasi iliyotolewa katika uraninite ya Uluguru ilipimwa, mizani ikasema 206.046.

Nambari hiyo inastahili kusomwa mara mbili. Tofauti ya kidogo zaidi ya kipimo kimoja kati ya risasi ya mlimani na risasi ya dukani ilikuwa miongoni mwa ushahidi wa wazi kabisa kwamba isotopu zipo. Urani ya mwamba ule ilikuwa imejigeuza risasi polepole kwa zaidi ya miaka milioni 600, bila kuingiliwa, hadi mchimba ulanga alipoifikia. Wakati mizani ya Vienna ikipima, vita vikuu vilikuwa vimeanza. Mwezi Agosti 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yakaingia Morogoro, na milima ikabadili bwana. Horovitz aliacha kemia baada ya vita hivyo. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1942 aliuawa na Wanazi katika kambi ya Treblinka. Jina lake halitajwi sana hata na wanaoifundisha habari ya isotopu, na hilo ni deni, kwani mikono yake ndiyo iliyolisemesha jiwe.

Kutoka hapo njia ya kuelekea mfupani ilikuwa wazi. Mwaka 1935 huko Copenhagen, Hevesy na mwenzake Chiewitz waliwalisha panya fosforasi yenye mionzi, kisha wakafuatilia ilikokwenda. Ilikwenda mifupani, ikakaa kwa muda, ikaondoka, nyingine ikashika nafasi. Mfupa, ambao watu waliudhania kuwa nguzo kavu, ulikuwa ukijibomoa na kujijenga kila siku. Mwaka 1937 Carlo Perrier na Emilio Segrè waligundua tekineti huko Palermo. Aina yake moja, tekineti-99m, hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya saa 6, muda unaotosha kupiga picha na mgonjwa akarudi kwake bila kubaki na mionzi mingi. Inatokana na molibdeni-99, ambayo yenyewe hupungua kwa nusu kila baada ya saa 66, na ambayo kwa kawaida huzalishwa kwa kuipasua urani ndani ya vinu vya nyuklia. Molibdeni husafirishwa ndani ya chombo kizito kilichozungushiwa risasi, na hospitali hukikamua chombo hicho kila asubuhi hadi kikauke. Urani mwanzo, risasi ukutani: mambo ya Lukwangule yamo yote katika chombo hicho kimoja. Mwaka 1971 tekineti iliunganishwa na fosfati, na tangu hapo picha ya mifupa ya mwili mzima ikawezekana. Katikati ya miaka ya 1970 chembe nyeupe za damu ya mgonjwa zilianza kutiwa alama ya mionzi na kurudishwa mwilini, zikaachwa zikimbilie penye maambukizi, huku kamera ikizifuata.

Kuna ugonjwa mmoja ambao unazitatiza hizi picha zote, na katika Kiswahili jina lake ni la zamani kuliko hospitali. Baridi yabisi: ubaridi na ukavu. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na nyuma yake umo utabibu uliotoka kwa Wayunani ukapita kwa Waarabu hadi pwani yetu, uliosema kwamba mwili una hali nne, joto na baridi, maji na yabisi, na kwamba maradhi ni mizani iliyoelemea upande. Aliyekakamaa viungo asubuhi alikuwa ameelemewa na baridi iliyo kavu. Neno hilo lilipanda na biashara hadi bara, na huko Mgeta au Bunduki, juu milimani Uluguru, ambako asubuhi za Julai hutaka shuka mbili, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Ni neno zuri, lakini limebeba mno. Chini yake yameingia maumivu ya uzee, jongo, mifupa iliyosagika kwa mizigo, kifua kikuu cha goti, na ule ugonjwa ambao Alfred Garrod aliutenga na jongo mwaka 1859 huko London, ambao ndani yake kinga ya mwili inaugeukia utando wa viungo na kuula. Huu wa mwisho huwapata watu wasiofika mmoja katika kila mia, wanawake mara mbili au tatu kuliko wanaume. Kwa Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama na mwanamke ana haki yake katika ardhi ya ukoo, ugonjwa unaopenda vidole na magoti ya kina mama unagonga penyewe. Mashamba yako kwenye miteremko ambayo mgeni huipanda kwa mikono na miguu, na ndizi za Kinole hushuka zikiwa zimebebwa.

Mtu mwenye baridi yabisi ya aina hii huizoea. Anajua siku mbaya na siku nafuu. Hatari inajificha katika mazoea hayo, kwa sababu kiungo kilichokwisha kuharibiwa ndicho kinachokaribisha bakteria, hasa yule aitwaye Staphylococcus aureus, anayeishi kwenye ngozi na puani na kusubiri jeraha. Wagonjwa hawa hupata usaha viungoni mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Na dawa zao zinasaidia kuuficha. Mwezi Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo nchini Marekani, Philip Hench alimdunga kotisoni mwanamke aliyekuwa hawezi kutembea kwa baridi yabisi. Baada ya siku chache akatembea, na mwaka 1950 Hench na wenzake wakapewa tuzo ya Nobel. Wajukuu wa dawa hiyo, prednisoloni na deksamethasoni, wamo leo katika maduka mengi ya dawa, na wapo wanaovinunua vidonge hivyo bila cheti cha daktari. Hupunguza uvimbe, hushusha homa, hutuliza. Usaha ukianza chini yake, homa ya kuutangaza huenda isipande kabisa. Goti moja limevimba kupita viungo vingine, lina moto, halikunjiki, na mwenyewe anasema ni ileile baridi yake imemrudia. Gegedu la kiungo chenye usaha linaweza kuharibika ndani ya siku chache.

Hapo mashine zinaulizwa, na kila moja hujibu nusu. Eksirei ya siku za mwanzo za maambukizi huonyesha uvimbe wa nyama tu. Mfupa ulioliwa huonekana baada ya wiki moja au mbili, na kwa mgonjwa huyu mfupa ulikwishaliwa kabla, na ugonjwa wake wenyewe. Altrasaundi huona maji ndani ya kiungo, hata yakiwa machache, na huiongoza sindano, lakini haiwezi kuapa kama ni usaha au ni ute wa uvimbe. MRI huona mbali kuliko zote, hadi ndani ya uboho, ila baridi yabisi nayo hulowesha uboho na kuunenepesha utando. CT husaidia pale kiungo kilipojificha, kama vile penye kifua na mtulinga. Picha ya tekineti huwaka palipo na maambukizi na huwaka vilevile palipo na uvimbe mtupu. Hata chembe nyeupe zilizotiwa alama hukimbilia kiungo chenye baridi yabisi, kwa kuwa huko pia zinaitwa. Sayansi iliyoweza kutofautisha risasi mbili kwa kipimo kimoja katika mia mbili na saba inatatizika mbele ya goti hili.

Kinachokata shauri ni sindano. Ute huvutwa, hutazamwa kwa hadubini, huoteshwa maabara, na ikiwezekana hayo yote hufanyika kabla ya kidonge cha kwanza cha antibiotiki. Sindano haihitaji urani wala reli. Inahitaji mganga katika kituo cha afya aliyefundishwa kwamba goti moja lenye moto, kwa mwenye baridi yabisi, ni maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo.

Kifua kikuu kina desturi yake tofauti. Hakiendi mbio. Goti huvimba miezi, mfupa wa jirani hupauka, kingo huliwa, na nafasi kati ya mifupa hupungua polepole. Hizo za mfupa ndizo dalili tatu za eksirei zenye jina la daktari wa upasuaji wa Marekani, Dallas Phemister. Tanganyika ilikuwa na hospitali ya kifua kikuu huko Kibong'oto, Kilimanjaro, tangu mwaka 1926, na mpango wa taifa ulioanza mwaka 1977, kwa msaada wa daktari Karel Styblo, ulikuja kuwa kielelezo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikieneza. Morogoro nayo ina mchango wake wa pekee: tangu mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku, kwanza kunusa mabomu ya ardhini, kisha kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli mia moja ndani ya dakika ishirini hivi. Kazi yake ni makohozi, si ute wa goti, lakini mji ambao jiwe lake lilipimwa Vienna umejipatia wapelelezi wake wenyewe.

Picha za tekineti ziko mbali zaidi. Ocean Road, hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 mbele ya bahari ya Dar es Salaam, leo ni Taasisi ya Saratani, na ndani yake kuna kitengo cha tiba ya nyuklia; wengi wanaopigwa picha za mifupa huko ni wagonjwa wa saratani. Tanzania haina kinu cha nyuklia, kwa hiyo molibdeni hutoka ng'ambo na kuanza kupungua kabla haijashuka kwenye ndege. Anayetoka Nyandira, milimani Uluguru, hushuka kwanza kwa pikipiki au gari hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Akiandikiwa rufaa, tangu Juni 2024 anaweza kupanda treni ya umeme inayokwenda Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili, katika ushoroba uleule ambao reli ya 1907 ilifuata ikielekea bandarini.

Mkononi atakuwa na bahasha ya kaki. Katika nyumba nyingi bahasha hiyo hukaa chini ya godoro au juu ya kabati, pamoja na vyeti vya ubatizo na vya shule, na ndani yake zimo picha za eksirei za miaka iliyopita, nyeusi, zilizopinda pembeni. Watoto huambiwa wasizichezee. Kwa mwenye baridi yabisi hakuna picha ya thamani kama ya zamani, maana mfupa uliokwisha kuliwa mwaka juzi hauna habari mpya, lakini ulioliwa kati ya picha ile na hii unayo. Daktari huitoa kwenye bahasha, huifuta vumbi kwa kiganja, huibandika kwenye kisanduku cha taa kando ya picha ya leo, kisha hutafuta, ungio kwa ungio, kilichobadilika.